Sauti ya Nne Imeenda Wapi?

Kodi ninayozungumzia hapa si ile ya KRA. Ni ile ya kinanda: noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Chukua d, m na s, ambazo kwenye ufunguo wa F ni F, A na C. Kama d ndiyo iko chini kabisa, kodi imekaa kwenye mzizi wake. Ukiweka m chini, huo ni mgeuzo wa kwanza. Ukiweka s chini, ni wa pili. Noti ni zilezile. Kinachobadilika ni nani anawabeba wenzake.

Kwetu Manga sikuwahi kusikia mtu akitaja mgeuzo. Kwaya ziliimba kwa solfa, mfumo ambao Sarah Glover aliuanzisha huko Uingereza na John Curwen akaueneza katika karne ya 19, kisha wamisionari wakauleta Afrika. Kwa solfa, kila sauti ina mstari wake wa herufi: ya kwanza juu, ya nne chini. Jina la kodi la nini? Angalia tu mstari wa chini. Ukikuta m chini ya d na s, mgeuzo ndio huo, umeandikwa bila kutangazwa.

Baba mdogo ameimba sauti ya nne maisha yake yote, na nyimbo alizotunga ziko kwenye daftari za shule, kwa kalamu ya buluu. Shida ni kwamba waimbaji wenzake wa besi wamekwisha. Wengine wako Nairobi na Nakuru, mmoja yuko Qatar, wengine wamelala migombani. Kwaya ikanunua kinanda kizibe pengo. Binamu yangu anakipiga vizuri sana, lakini solfa hasomi. Yeye husoma kodi kwa simu.

Wimbo mmoja wa mzee aliushika kwa kuusikiliza tu, akajiandikia: F, C, Dm, F, Bb, F, Gm, C, F. Hakuna kodi hata moja iliyokosewa. Akaupiga. Mzee akasikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Sauti ya nne imeenda wapi?"

"Si iko hapa, Mzee, kwa mkono wa kushoto."

"Hiyo inaruka kama panzi. Mimi nilikuwa natembea."

Tukafungua daftari. Mstari wa chini ulisema: d, t, l, s, f, m, r, s, d. Ni mtu anayeteremka ukingo wa Manga usiku kuelekea Kisii, akipapasa kila hatua kwa mguu, na karibu na mwisho tu ndipo anaporuka mtaro. Nikaandika upya: F, C/E, Dm, F/C, Bb, F/A, Gm, C, F. Herufi iliyo kabla ya mkwaju ni jina la kodi. Iliyo baada yake ni noti ya chini.

Kuna njia nyingine za kuandika jambo hilohilo. Vitabu vya nadharia vya Kiingereza hutumia namba za Kirumi na herufi ndogo: Ib ni mgeuzo wa kwanza wa kodi ya kwanza, Ic ni wa pili. Wapiga vinanda wa Ulaya wa karne ya 17 na ya 18 walipewa mstari wa besi wenye tarakimu: 6 kwa mgeuzo wa kwanza, 6 juu ya 4 kwa wa pili, wakihesabu kutoka chini kwenda juu. Mnamo 1722, Mfaransa Jean-Philippe Rameau akaeleza kwamba hata ukizigeuza vipi, noti hizo ni kodi moja yenye mzizi uleule.

Kwenye karatasi nakubaliana naye. Lakini jaribu kumaliza wimbo kanisani ukiwa umeacha s chini. Watu watabaki wamesimama wakingoja, kwa sababu Ic inaning'inia, inataka kushuka mahali. Sikio linajua aliye chini ni nani. Na sisi Abagusii, wenye obokano, ala kubwa ya nyuzi nane inayovuma kwa sauti nzito, usituambie kwamba sauti ya chini ni pambo.

Binamu alipopiga tena, mkono wa kushoto ukishuka polepole, mzee hakusema kitu. Kwenye noti ya tatu aliingia, akaimba.

Nyimbo za namna hii hazifi zote kwa mara moja. Melodi hubaki, kwa sababu kila mtu anaikumbuka. Maneno hubaki pia. Kinachotoka kwanza ni ile njia ya chini, ambayo wachache walikuwa wakiitembea, na hakuna anayegundua kwa sababu kodi bado "ni sawa". Mkwaju mmoja na herufi moja vinatosha kuizuia isipotee.

Daftari ziko saba. Nimemaliza mbili.