Mstari wa 12.5

Kabla sijakijua kihariri cha MTS, yaani chombo cha kuandika na kurekebisha faili ndani ya kompyuta, programu kwangu ilikuwa bunda la kadi za kutobolewa. Kadi moja ilibeba mstari mmoja, nafasi 80 za herufi. Ukikosea unaichomoa, unatoboa nyingine, unaichomeka pale pale. Bunda likikuponyoka mkononi, jioni yako imekwisha.

Nilipokwenda Ann Arbor kusomea takwimu katikati ya miaka ya 1970, kadi zilikuwa bado zinatumika, lakini wengi wetu tulikimbilia terminali. MTS ilikuwa mfumo wa chuo chetu chenyewe, Chuo Kikuu cha Michigan, ulioanza mwaka 1967 kwenye IBM 360/67 ili watu wengi watumie kompyuta kuu moja kwa wakati mmoja. Terminali niliyoizoea haikuwa na kioo. Ilikuwa DECwriter, mashine ya kuchapa yenye karatasi ndefu, ikitoa herufi 30 kwa sekunde.

Unaandika $EDIT na jina la faili, mashine inakujibu kwa nukta mbili (:), kisha inangoja. Faili yenyewe huioni. Ukitaka mstari wa 12, uombe uchapiwe mstari wa 12. Ukitaka kurekebisha neno, utaje namba ya mstari, neno lililopo na neno la kuchukua nafasi yake. Mengine yote uyabebe kichwani, au uyasake kwenye karatasi iliyorundikana miguuni.

Nilichokipenda ni zile namba. Ukisahau kitu kati ya mstari wa 12 na wa 13, unakiingiza kama 12.5, ukisahau tena, 12.25. Desimali zilifika tarakimu tatu, kwa hiyo kati ya mistari miwili jirani palikuwa na nafasi ya mistari mingine 999. Na namba haikuhama. Katika ed, kihariri cha mfumo wa Unix, ukifuta mstari wa 5 basi wa 6 unakuwa wa 5, na karatasi uliyochapa asubuhi inakupotosha. Kwetu wa 6 ulibaki wa 6 mpaka wewe mwenyewe utoe amri ya $RENUMBER. Nilikuwa nikipewa programu ya mwenzangu, natazama pambizo kwanza: palipojaa desimali ndipo alipohangaika, na mara nyingi ndipo kosa lilipokuwa.

Matumizi ya mashine yalikuwa na bei. Akaunti ya mwanafunzi ilitengewa fedha, na ukiaga kwa $SIGNOFF unachapiwa muda uliotumia na gharama yake kwa dola na senti. Kwa hiyo tulisahihisha mezani, kwa kalamu, tukaandika amri zote pembeni mwa karatasi, ndipo tukaenda kuzipiga. Ulipoketi mbele ya mashine ulikuwa umekwisha kufikiri.

Kisha vikaja vioo. Huko Berkeley, mtaalamu wa programu Bill Joy alikijenga vi, kihariri cha kwenye kioo, juu ya kihariri chake cha mistari, ex, na baadaye hata kihariri cha MTS kikapata namna ya kuhariri ukurasa mzima. Siku niliyoona herufi zikisogea kulia kupisha neno ninaloliandika, nilifurahi kupita kiasi. Sikutaka kurudi kwenye nukta mbili, na sitaki hata leo. Ila kioo kilitufundisha kugusa kwanza, kufikiri baadaye. Nimewaona vijana hodari wakibadilisha mstari, wakiendesha programu, wakibadilisha tena, bila kuusoma ukurasa hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo linanisikitisha kweli, maana kosa gumu halikai kwenye mstari unaoutazama.

Michigan iliachana na MTS katika miaka ya 1990, na mistari yenye desimali ikaenda nayo. Lakini ed bado imo katika mifumo mingi ya Unix, na sed, iliyotokana nayo, hurekebisha maelfu ya mistari katika faili ambazo hakuna mtu aliyezifungua, kwa amri ambazo mtu alikaa akazipanga kabla.