Kanumba wa kweli na Kanumba wa Sake

Kila siku ninawaandikia juu ya barabara, maji na bei ya makala. Leo mnivumilie, ninataka kuongea juu ya mtu wa filamu. Jina lake Steven Kanumba. Walio wakubwa wanamjua. Watoto wa sasa wanasikia jina tu.

Kanumba alikuwa Mtanzania, mzaliwa wa Shinyanga, mwaka 1984. Alianza kujulikana kwa michezo ya televisheni pamoja na kundi la Kaole pale Dar es Salaam, kisha akaingia kwenye filamu. Hakuwahi kuishi kwetu. Lakini mimi nilimwona mara nyingi kuliko nilivyowaona wajomba wangu wengine.

Nilimwonea kwa yaya yangu. Yaya alikodi chumba kimoja Sake, ukuta wa mbao, bati juu, chini udongo wa volkano. Ndani aliweka televisheni moja, jenereta ndogo na mabenchi sita. Kuingia ilikuwa franka 100. Vijana walitaka filamu za kupigana, za Wachina na Wamarekani. Yaya hakuwakatalia, lakini aliweka sheria: saa kumi ni Kanumba, za kupigana zinafuata. Mwanzoni vijana walinung'unika. Kisha wakaanza kuja saa tisa na nusu ili wapate nafasi.

Sababu ni lugha. Filamu za Wachina tulitazama mikono na miguu. Za Wanigeria tulibahatisha. Kwa Kanumba tulisikia kila kitu, au karibu kila kitu. Akimkasirikia mke wake, tulijua kwa nini. Akidanganya, mama mmoja wa nyuma alipiga kelele, "Usimwamini, anakudanganya huyo!" Mama huyo alikuwa anatoka shambani na kikapu chake, analipa franka 100, anakaa. Kwenye filamu za bunduki hatukuwahi kumwona hata siku moja. Alisema bunduki anaziona bure.

Kulikuwa maneno yaliyotushinda. Kiswahili cha Dar si chetu. Yaya alisimamisha filamu, akasimama mbele kama mwalimu, akaeleza. Daladala ni basi dogo. Hawara ni mpenzi wa pembeni. Watu wakacheka, filamu ikaendelea. Mimi ninayewaandikia leo, nusu ya Kiswahili changu kilitoka kwenye benchi lile.

Niseme sasa kile nilichokipenda kwake. Cha kwanza, hakuogopa kulia. Kwetu mwanaume analia matanga, tena kidogo. Kanumba alilia kwenye filamu mpaka kamasi zikatoka, na hakujificha uso. Siku moja mzee mmoja aliuliza kwa sauti, "Huyu ni mwanaume gani?" Hakuna aliyemjibu, sababu wengi wetu tulikuwa tunafuta macho.

Cha pili, alicheza vizuri na watoto. Mtazameni kwenye Uncle JJ au This Is It, pamoja na wale watoto wawili, Patrick na Jennifer. Waigizaji wengine wakubwa wanamweka mtoto kando kama kiti. Yeye aligombana nao kama mtu anayegombana na watu, akashindwa, akanuna kweli. Watoto wa Sake walipenda sana kuona mtu mzima amevaa suti anashindwa na mtoto.

Cha tatu, alikuwa na hamu ya kwenda mbali. Kwenye Oprah, ya 2008, alicheza na Vincent Kigosi, yule wanayemwita Ray, na Irene Uwoya. Hiyo ilikuwa ya nyumbani. Lakini aliwatafuta pia Wanigeria, akacheza nao, mpaka Devil Kingdom na Ramsey Nouah. Mwaka 2009 alialikwa kutembelea nyumba ya Big Brother Africa kule Afrika Kusini, na watu wa nchi yake mwenyewe wakamcheka kwa Kiingereza chake. Yeye hakuacha. Aliendelea kucheza filamu na watu wanaoongea Kiingereza hicho hicho. Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua kuchekwa kwa lugha. Ukifika Dar wanacheka Kiswahili chako, ukifika Kinshasa wanacheka Lingala yako. Kwa hiyo nilipopata habari hiyo nilimpenda zaidi.

Sitasema filamu zake zote ni nzuri. Nyingine ni ndefu bure, muziki unafunika maneno, mtu anapanda ngazi dakika tatu nzima. Yaya mwenyewe alizipeleka mbele kwa rimoti. Lakini hata kwenye filamu mbaya, Kanumba akiingia, mlikaa sawa.

Alikufa tarehe 7 Aprili 2012, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia Pasaka kwetu ndio tulisikia vizuri. Alikuwa na miaka 28. Alizikwa tarehe 10 kwenye makaburi ya Kinondoni, na watu waliomsindikiza walikuwa maelfu. Yaya alifunga chumba siku tatu. Akaandika kwa chaki kwenye mlango: TUKO MATANGA.

Watu wengine walimkemea. Mwezi ule ule askari walikuwa wameasi kwenye jimbo letu, watu wa Masisi wameanza kupita na magodoro kichwani. Jirani akamwambia, "Wetu wanakufa, wewe unamlilia Mtanzania?" Yaya akajibu kwamba wetu anawalilia kila mwaka, na kwamba huyu ni kijana wa kwanza anayemlilia ambaye hakufa sababu ya vita. Tangu siku hiyo Sake nzima ilimwita Kanumba. Jina lake la kweli likabaki kwa mama na kwenye karata ya uchaguzi.

Chumba kilifunguliwa tena. Kikafungwa, kikafunguliwa, kufatana na vita. Kisha ikatoka Love and Power, filamu ambayo Kanumba hakuishi kuiona ikitoka. Tulijaa mpaka nje. Alipotokea tu, watu walinyamaza wote. Tulikuwa tunamtazama marehemu anatembea, anacheka, anavaa shati.

Februari 2024 mabomu yalianza kuanguka Sake. Tulikimbia kila mtu na njia yake. Mimi, mama na mtoto wa yaya wa miaka minane, tulifika Bulengo. Yaya alirudi nyuma kuchukua kitu, hatujui ni nini. Mtu mmoja alisema alimwona kwenye njia ya Minova. Kisha hapo, hakuna habari.

Kambini, jirani wa hema alikuwa na telefone na kadi ya memori. Usiku mmoja watoto walijazana, kumi na zaidi kwenye kioo kidogo kama kiganja. Ilikuwa Uncle JJ. Mtoto wa yaya alicheka mara ya kwanza tangu Sake. Kisha akaniuliza, "Baba mdogo, huyu yuko wapi sasa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba amekufa zamani, mbele wewe hujazaliwa.

Akatazama kioo tena. "Lakini anaongea."

Nilisema ndiyo, anaongea. Akanyamaza, akauliza kile nilichokuwa ninakiogopa: "Na baba?" Nilimwambia sijui. Wakubwa wengine walinilaumu, walitaka nimwambie atakuja kesho. Sikuweza. Mtoto anajua tofauti ya mtu aliyekufa na mtu ambaye hatujui yuko wapi. Ninataka abaki anaijua.

Kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, tulirudi Sake. Chumba hakina bati tena, mbao zimechukuliwa kwa kupikia. Mabenchi mawili yalibaki kwa jirani, amenirudishia moja. Mtoto analikalia jioni.

Kwa hiyo ninaomba. Ninyi mnaosikia habari hii Minova, Kalehe, Bukavu au Idjwi: kama kwenu kuko mwanaume mrefu kidogo, anachechemea mguu wa kushoto, anayeonyesha watu filamu na kusimamisha katikati ili aeleze maneno, msimwite kwa jina lake la kweli, pengine hataitika. Mwiteni Kanumba. Akigeuka, mwambieni mtoto yuko Sake, na benchi moja liko.