Pipa la Matairi

Gitega, Jumanne 10 Juni 2025
Fundi wa garaji amenipigia tena kutoka Muyinga. Mazutu hayapatikani, matairi ya malori ya njia ya Kobero yamejaa uani kwake, naye amepata pipa nene la chuma. Anataka kuyapika atoe mafuta. Inawezekana: tairi likipashwa moto bila hewa, nyuzi 400 hadi 600, asilimia 40 na zaidi ya uzito wake hutoka mafuta, hubaki masizi na waya. Hofu yangu ni gesi. Mpira hukazwa kwa salfa, na salfa haipotei. Sehemu yake huungana na hidrojeni, ikatoka kama gesi ya sumu inayonuka mayai viza.

Muyinga, Alhamisi 12 Juni
Nimeliona pipa. Bomba linapita kwenye maji ya kupozea, kisha linaishia hewani, karibu na jiko la jirani.

“Mwalimu, harufu ikizidi si tutaondoka?”

Hapo ndipo inapoua. Ikifika sehemu 100 hivi katika milioni ya hewa, pua hufa ganzi, ukadhani imekwisha. Na hatari si sumu tu. Nikamsimulia ya Wada, India: Januari hii mtambo wa matairi ulilipuka, wakafa wanawake wawili na watoto wawili. Akawatazama wanawe, waliokuwa wakirukaruka juu ya matairi, akawafukuza uani.

Tumeuchora mtambo upya kwa chaki mlangoni. Gesi ipite kwanza kwenye chombo kitupu, maana pipa likipoa huvuta maji kinyumenyume, na maji yakigusa chuma cha moto ni balaa. Kisha mtungi wa maji ya kostiki, ile ya watengeneza sabuni, gesi ipande kwa mapovu madogo kati ya kokoto. Kilo moja ya sumu hiyo hula kostiki kilo mbili na theluthi.

Gitega, Jumapili 15 Juni
Maji ya kostiki yakishashiba yamenikosesha usingizi. Yameishika sumu, hayajaiua. Pale garaji asidi ya betri humwagwa mtaroni. Vikikutana, gesi yote inarudi kwa mpigo. Nimempigia alfajiri: maji hayo yawe na pipa lake la plastiki, mbali na betri, mpaka yatibiwe kwa peroksidi.

Analalamika kwamba gharama itakula faida. Basi asiwashe. Nimemwambia hivyo waziwazi, matairi yaendelee kukatwa viatu. Kesho nitaulizia bei ya kostiki kwa akina mama wa sabuni.