Kiwanja Chetu cha Mtwara

Kila ndoa ina jambo ambalo likitajwa tu mezani, chakula kinapoa. Kwetu sisi jambo hilo lina ukubwa wa mita 20 kwa 30 na liko Mtwara.

Mwaka 2012 tulikuwa bado wachumba, na tulikuwa na akiba ya harusi. Mnakumbuka kipindi kile? Dar nzima ilikuwa na wimbo mmoja: gesi! Kampuni za nje zilikuwa zinachimba baharini, na kila wiki ulisikia mtu kanunua kiwanja kusini. Mchumba wangu akaniambia, "Mpenzi, harusi ni siku moja, kiwanja ni maisha." Basi, tukafunga ndoa ya watu 50 na soda, tukalipa shilingi milioni 6 kwa ardhi ambayo hatukuwahi kuiona. Dalali alituapia kuwa ndani ya miaka mitano itafika milioni 40.

Mwaka huu mtoto anaanza shule. Mimi nikasema tuuze, mwenzangu akasema tusubiri. Tulinuniana wiki mbili, mwisho tukakubaliana kitu kimoja: twende kwanza tukakione.

Barabarani
Ndege ni kama saa moja tu, lakini sisi tulichagua gari. Zaidi ya kilomita 500 za lami, wawili tu, bila watoto… ilibidi tuongee tu! Tulipovuka Daraja la Mkapa pale Rufiji nikakumbuka hadithi za shangazi yangu. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003, ulikuwa unasubiri kivuko, na mvua zikinyesha safari ya kusini ilikuwa ni bahati nasibu.

Kuanzia hapo unapita mikorosho mpaka macho yanachoka. Hiyo ndiyo mali ambayo watu wa huku wameishi nayo miaka yote, na nayo ina vituko vyake. Mwaka 2018 wakulima waligomea bei ya wanunuzi, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kusomba mzigo.

Mji wenye subira
Mtwara ni mji mtulivu, wenye barabara pana kuliko magari yaliyopo. Kuna sababu. Waingereza waliupanga kwa ndoto ya karanga! Mradi wao ulioanza mwaka 1947 ulileta bandari yenye kina kirefu pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikagoma kuota kwa faida, mradi ukafa mwaka 1951, na baadaye hata reli yenyewe iling'olewa.

Halafu ikaja gesi. Ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini joto lilipanda baada ya 2010, ilipoanza kupatikana kwenye maji ya kina kirefu. Serikali ilipotangaza bomba la kuipeleka Dar, watu wa Mtwara waliuliza swali ambalo hata mimi ningeuliza: sisi tunabaki na nini? Mwaka 2013 swali hilo liliishia kwenye vurugu. Nyumba na ofisi zilichomwa, watu walipoteza maisha, na wanajeshi wakaingia mitaani. Mwaka 2015 bomba likazinduliwa. Kwa miaka mingi gesi hiyo imewasha taa zetu Dar, huku Mtwara yenyewe ikiwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo yake midogo na kukatikiwa umeme.

Si kwamba hakuna kilichobadilika, jamani. Kiwanda kikubwa cha saruji kipo, na bandari imepanuliwa. Lakini bei ya mafuta duniani iliporomoka kuanzia 2014, kampuni zikapunguza kasi, na mazungumzo ya kiwanda cha kusindika gesi kule Lindi yamekula zaidi ya miaka kumi. Wale wapangaji wa dola tulioahidiwa na dalali hawakutokea.

Pale kiwanjani
Tulikuta mihogo! Mzee mmoja jirani alikuwa amepanda, na wala hakuona aibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Nyie ndio wenye nacho? Nimewatunzia, kingekuwa pori."

Akatuambia baba yake alifanya kazi kwenye ile reli ya karanga. "Wageni wanakuja na kitu kikubwa, wanaondoka. Anayebaki ni mwenye jembe."

Njiani kurudi hotelini mume wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nilikuwa naogopa kuuza. Tukipata hela ndogo, utasema nilichezea harusi yako." Miaka yote hiyo! Mimi nikidhani ni ubishi, kumbe mwenzangu alikuwa amebeba deni ambalo sikuwahi kumdai. Nililia kidogo. Harusi ile ya soda naipenda mpaka kesho.

Tulimuuzia nesi mmoja wa pale pale mjini kwa milioni 9, na mzee tukamwachia muda wa kuvuna mihogo yake. Miaka yote hiyo kwa faida ya milioni tatu, kiukweli ni hasara. Ila nesi anajenga nyumba ya kuishi, hasubiri meli ya mtu.

Mkitaka kwenda
Msikose Mikindani, mji wa kale alikopita Livingstone mwaka 1866. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 sasa ni hoteli, na jua linavyozama pale… nendeni na mnayempenda. Ufukwe wa Msimbati una mchanga mweupe laini, ila gari dogo litawanasia. Nunueni korosho kwa mama wa barabarani, na msibishane sana bei.

Na kama na nyie mna kiwanja cha ndoto mahali, nendeni mkakitazame wote wawili.