Riali Tisini za Oman

Nilipoanza ukarani wa benki mjini Meru, mwishoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni hazikutolewa kwa kuombwa tu. Msafiri alileta pasipoti na tiketi, akajaza fomu, nasi tukafuata masharti ya Benki Kuu. Wengi walichukua hundi za wasafiri, na hizo zilitaka maelezo. Sahihi ya kwanza unatia hapa mbele yangu. Ya pili usiitie mpaka usimame mbele ya atakayekulipa huko uendako, maana hundi yenye sahihi zote mbili ikianguka, aliyeiokota amepata. Namba zake ziandike, uziweke mbali na hundi zenyewe. Kazi hiyo ya kueleza niliipenda kuliko zote.

Mwaka 1993 shilingi iliachwa ielee sokoni, na 1995 maduka ya kubadilisha fedha yakaruhusiwa na sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni ikafutwa. Ilikuwa nafuu kubwa. Ila mtu sasa aliweza kupokea dola na kuondoka bila kuambiwa neno, nami sikukubali hilo litokee kwenye dirisha langu.

Mchuuzi wa soko la Gakoromone, hapo Meru, huitambua noti ya shilingi hata jioni giza likiingia, kwa rangi na urefu wake. Pauni haikumsumbua: noti ya 20 ni kubwa kuliko ya 10. Wafanyabiashara wa miraa kutoka Maua waliizoea haraka, mpaka Uingereza ilipopiga miraa marufuku Juni 2014. Dola ndiyo ngumu. Noti ya 1 na ya 100 zina urefu mmoja na upana mmoja. Nilizitandaza mezani, nikamwambia msafiri asome namba ya pembeni na kuitazama sura: Washington ni moja, Franklin ni mia. Asipokee iliyochanika wala iliyochorwa, maana huko mbele itakataliwa.

Nilipohamia Embu, waliokuja zaidi walikuwa mabinti waendao Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mama mmoja wa Mbeere alifika na wawili, wake na wa dada yake. Mmoja ameahidiwa riali 800 kwa mwezi Saudia, mwingine riali 90 Oman.

“Mwanangu, huyu wa Oman si ameonewa?”

“Hebu tuhesabu, mama.”

Riali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu 1986: 3.75 kwa dola moja. Mia nane zake ni dola 213. Riali moja ya Oman ni dola 2.60, kwa hiyo tisini ni dola 234. Mabinti walirudia hesabu wenyewe kwa kalamu, wakapata vilevile.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: wakala atakata ngapi? Nikamwambia swali hilo alipeleke kwa wakala kabla ya binti yeyote kutia sahihi, na jibu liandikwe kwenye mkataba, kwa riali.