Barua kutoka London: Wagonjwa wa Parkinson na Milango ya Utafiti

Ugonjwa wa Parkinson ni maradhi ya ubongo yanayotokana na kufa kidogo kidogo kwa seli zinazotengeneza dopamini, yaani kemikali inayouwezesha ubongo kuuongoza mwili katika mwendo, na dalili zake kuu ni mtetemeko, kukakamaa kwa misuli na uzito wa kutembea. Aliyeueleza kwa upana ni James Parkinson, tabibu wa hapa London, ambaye mwaka 1817 alichapisha habari za wagonjwa sita, baadhi yao akiwa amewaona barabarani tu. Siku hizi mgonjwa hafanyiwi utafiti wa dawa nchini Uingereza kabla kamati ya maadili haijaupitisha mpango wenyewe, na kabla hajatia sahihi fomu ya ridhaa, ambayo humweleza madhara yanayoweza kumpata na haki yake ya kujitoa wakati wowote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida.

Haja ya utafiti ingali kubwa, kwa sababu levodopa, dawa inayotegemewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, hupunguza dalili bila kuzuia seli zisiendelee kufa. Anayejitolea hupimwa kwa vitendo vinavyoonekana vyepesi, kama vile kugonganisha kidole gumba na cha shahada upesi upesi, au kuinuka kitini bila kujishika. Lakini mara nyingi hutakiwa kufika kliniki bila kumeza dawa tangu jana yake, ili ugonjwa uonekane ulivyo, na asubuhi hiyo huwa nzito kwake na kwa jamaa anayemsindikiza. Baadhi ya tafiti huomba pia majimaji ya uti wa mgongo, yanayotolewa kwa sindano kiunoni.

Mfano mzuri ni utafiti wa eksenatide, dawa ya kisukari ambayo jaribio dogo la mwaka 2017 lilitia matumaini kwamba ingeweza kupunguza kasi ya ugonjwa huu. Katika jaribio kubwa lililofuata, chini ya University College London, watu 194 walijidunga sindano kila wiki kwa wiki 96, wengine wakipewa dawa yenyewe na wengine plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani, huku mgonjwa na daktari wake wote wakiwa hawajui nani kapewa nini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 hayakuonyesha tofauti yoyote ya maana kati ya makundi hayo mawili. Hata hivyo jasho lao halikupotea bure, kwani wamewaepusha wagonjwa wengine na dawa isiyowafaa. Na hapo ndipo inapodhihirika kwamba kushiriki utafiti si kutibiwa, bali ni kuwatumikia watakaougua baadaye.

Pamoja na hayo, kwa miaka mingi washiriki wengi wa tafiti hizi wamekuwa Wazungu, na hasara yake ilionekana mwaka 2023, watafiti wa Nigeria, Uingereza na Marekani walipogundua badiliko katika jeni iitwayo GBA1, linaloongeza hatari ya ugonjwa huu kwa watu wenye asili ya Afrika na ambalo ni nadra mno kwa Wazungu, hivyo lisingeweza kugunduliwa kwa kuwachunguza Wazungu peke yao. Nyumbani Tanzania nako uchunguzi wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwakuta wagonjwa 33 katika wakazi zaidi ya 161,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huo.

Kwa hiyo mzee akitetemeka mkono isisemwe kuwa ni uzee wala uchawi, bali apelekwe hospitali. Na watafiti watakapobisha hodi, kwa kuwa mradi wa utafiti wa Parkinson barani Afrika umekwisha kuzihusisha Kenya na Tanzania, familia isiwafungie mlango wala isitie sahihi kwa haya. Iulize kwanza ni kamati gani iliyoidhinisha kazi hiyo, nani atamtibu mgonjwa akidhurika, damu yake itahifadhiwa wapi, na dawa ikifaulu itapatikana nchini kwa bei gani. Majibu yakiridhisha, mgonjwa ashiriki; yasiporidhisha, ana haki kamili ya kukataa.