Losheni, Pampu na Meli Isiyosubiri

Hebu fikiria: mmepanga likizo ya wawili, mnaruka kwa ndege Dar hadi Songwe, mnalala siku mbili Tukuyu kwa wakwe, kisha mnateremka Kyela kupanda meli ya Ziwa Nyasa hadi Mbamba Bay. Raha tupu, au siyo? Mimi na mume wangu tulifikiri hivyo hivyo. Kilichokaribia kutuharibia safari ni mfuko wa vipodozi.

Kosa lilianzia chumbani, usiku wa kuamkia safari. Mwenzangu ni mtu wa kufuata sheria. Alishasikia habari za mililita 100, basi akakusanya kila kitu chenye maji au cha kupuliza, akakitia kwenye begi kubwa la kukabidhi. Losheni yangu ya nazi, shampuu, pafyumu, deodoranti, dawa ya mbu. Na pampu yangu ya pumu. Hakuniambia, nami sikukagua.

Ile sheria ina historia yake. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walinasa njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Ndipo duniani kote safari za kimataifa zikawekewa kiwango: kila chupa ya mkononi isizidi mililita 100, zote zitoshe kwenye mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa lita moja. Losheni, dawa ya mswaki na hata asali vinahesabiwa kuwa vimiminika. Baadhi ya viwanja vya nje vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza, ila usibahatishe. Na dawa unazohitaji safarini hazibanwi na kipimo hicho. Pampu ya pumu, insulini, sirapu ya mtoto, vyote vinakaa mkononi, ikiwezekana na karatasi ya daktari. Mume wangu kipande hicho hakukisikia.

Tulipofika Songwe, mabegi ya wenzetu yakatoka, letu halikutoka. Tukaambiwa litakuja na ndege nyingine, turudi kuulizia. Kurudi lini, wakati sisi tunaenda Tukuyu na meli inaondoka keshokutwa?

Kama hujafika Tukuyu, nikupe picha. Ukitoka Mbeya mjini unapita Uyole, unapanda kuelekea kusini kama kilometa 70, mlima Rungwe ukiwa umejifunika mawingu, na kila upande ni migomba, chai na miparachichi. Wajerumani waliuita mji huu Neu Langenburg. Uko juu ya meta 1,500, na mvua yake si ya mchezo: ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Mtu wa Dar akishuka garini jioni anatafuta sweta kabla hajasalimia.

Baridi hiyo na kifua changu haviivani. Saa nne usiku nikaanza kubanwa. Nikaomba begi la mkononi, nikapekua, hamna pampu. "Umeiweka wapi?" Kimya. "Si nimeiweka na vile vya kupuliza..." Wapenzi wasomaji, maneno niliyotaka kuyasema hayakufaa kusemwa chini ya paa la wakwe. Mama mkwe alisikia ninavyokohoa, akaja na khanga begani. "Mkwe wangu, kaa wima, usilale." Akamgeukia mwanawe: "Na wewe unasimama hapo unangoja nini?" Jamaa akatoka mbio na mvua yake, akaamsha mwenye duka la dawa. Alirudi kalowa chapachapa, pampu mfukoni. Hasira zangu ziliisha nusu hapo hapo. Nusu ya pili nikaitunza hadi Kyela.

Kesho yake tukaingia sokoni na madukani. Na hapo ndipo nilipojua tulivyokuwa tumejitesa bure. Sabuni, dawa ya mswaki, mafuta mazito ya kupaka, vyote vipo. Kwa nywele nilinunua parachichi, Rungwe ndiko kwao, nikaliponda nikapaka nusu saa. Shampuu ya Dar ingesubiri. Dawa ya mbu tulinunua pia, maana Tukuyu unaweza kuisahau, ila Kyela ni joto na mbu wa kweli, malaria haina likizo.

Meli tuliwahi. Ulizia ratiba mapema, maana hubadilika, na ikishang'oa nanga haigeuki kwa ajili ya begi lako. Usiku kucha tukapita chini ya Safu za Livingstone, vijiji vikiwaka taa moja moja. Asubuhi nikatoa chupa ya maji niliyoimaliza na kuifunga Tukuyu. Imebonyea kama imekaliwa! Ziwa liko chini sana, kama meta 475 tu, hewa ni nzito zaidi kule. Ndani ya ndege inakuwa kinyume: hewa ya chupani inatanuka na kusukuma losheni nje. Dawa yake ni kuiminya chupa hewa itoke kabla ya kufunga, kuweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, kisha yote ndani ya mfuko wenye zipu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 haikuigusa mifuko hiyo ya vipodozi kwa wageni, mradi waondoke nayo.

Begi tulilikuta Songwe siku ya kurudi. Losheni ya nazi ilikuwa imemwagika yote juu ya kitenge tulichomnunulia mama mkwe. Mume wangu akasema tumnunulie kingine. Nikakataa, nikakifua, nikakituma kwa basi la Tukuyu. Jioni ya pili simu ikaita.

"Mkwe, ndaga fijo. Kitenge kinanukia vizuri hivi, mmekitoa wapi?"

Nikampa simu mwanawe ajibu mwenyewe.